Kiti Kilichowekewa Kanga

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla watoto hawajashika mafagio, Mwalimu Justa aliandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza ambayo watu huyachanganya, kisha akayatenganisha. Hakutumia kamusi. Shule ilikuwa na kamusi moja tu, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa. Alitumia vitu, na miili ya watoto wenyewe.

Kwa "lend" na "borrow" alisimamisha watoto wawili na jembe. Jembe likitoka mkononi mwako, ni neno hili. Likiingia mkononi mwako, ni lile. Jembe ni moja, watu ni wale wale, lakini ukikosea neno umemfanya mwenye jembe kuwa mwombaji. Kwa "hear" na "listen" aliwanyamazisha wote na kuwauliza kama wanaisikia mashine ya kusaga kule senta. Walikuwa wanaisikia. Akawauliza ni nani aliyeisikiliza tangu asubuhi. Hakuna.

Ijumaa niikumbukayo zaidi ni ya "empty" na "vacant". Alichukua kiti chake mwenyewe, cha mbao, akakiweka mbele ya darasa.

"Kiti hiki kina mtu?"

"Hakina, mwalimu."

"Vumilia, njoo ukae."

Vumilia, msichana mrefu wa darasa la sita, akaja na kukaa kwa maringo, darasa likacheka. Mwalimu akamwinua. Akavua kanga aliyojitanda mabegani, akaikunja na kuiweka juu ya kiti.

"Sasa kina mtu?"

"Hakina."

"Basi kaa."

Vumilia alibaki amesimama. Alitazama kanga, akamtazama mwalimu, akacheka kwa aibu. "Kina mwenyewe, mwalimu."

"Yuko wapi?"

"Atarudi."

Mwalimu Justa akaligeukia lile neno la kwanza ubaoni na kuligonga kwa chaki. Hiki ni kitupu, alisema, kila mtu anaona. Kisha akaligonga la pili. Lakini hakiko wazi. Anayekaa hapa amechukua mahali pa mtu.

Alizaliwa Didia, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba, na Kiingereza alifundishwa na masista wa misheni waliompiga kwenye vidole alipokosea. Alikipenda hivyo hivyo, kwa ukaidi, kama mtu anavyompenda ndugu asiyemsalimia. Akapangiwa kufundisha kwenye kijiji kimoja nyuma ya Segese. Hapo akaolewa na Stanslaus, mtoto wa Mzee Mageni, wakapata binti wakamwita Klara. Baadaye Stanslaus akasikia habari za dhahabu ya Geita, akaenda kuzitazama kwa macho yake. Aliendelea kuzitazama kwa miaka. Akirudi, alirudi na vumbi jekundu masikioni na hadithi ya mwamba uliokuwa karibu kufunguka. Justa akabaki na Klara, na ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye mabaka, na nyumba ya mwalimu yenye bati linalopiga kelele upepo ukivuma, na wakwe zake upande wa pili wa kijiji.

Hapo kwa wakwe ndipo yalipotokea ninayotaka kuyaeleza, na siwezi kuyaeleza kwa utulivu.

Mwaka tisini na saba mvua zilikatika mapema. Mahindi yalibeba magunzi membamba, mtama ukasimama nusu. Kufika Mei kila mwenye ng'ombe alikuwa anaitazama ngitili. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua za kwanza zinapoanza. Hakuna uzio, ila mstari wa minyaa hapa na pale, na mpaka unaojulikana na kila mtoto. Nyasi zinaachwa ziote, zikomae, zikauke zikiwa zimesimama. Ng'ombe wanakula kwanza mabua mashambani. Mabua yakiisha, wazee wanakaa, wanataja siku, na ngitili inafunguliwa. Ndiyo inayowavusha ng'ombe mpaka mvua ijayo. Anayeingiza mnyama kabla ya siku hiyo anaitwa mbele ya dagashida, mkutano wa kijiji kizima, na kutozwa mchenya: analipa mnyama, na mnyama huyo analiwa hapo hapo na wote waliokuja. Sijawahi kusikia mtu aliyekata rufaa.

Ngitili ya ukoo wa Mzee Mageni ilikuwa kubwa kuliko zote upande ule, na nusu ya kijiji ililisha humo kwa makubaliano ya zamani. Mwaka ule ilikuwa ndiyo tofauti kati ya kuwa na ng'ombe na kutokuwa nao.

Mwezi huo huo likaja gari la kampuni ya kutafuta madini. Jina la kampuni liliandikwa mlangoni, nalo halikudumu kuliko rangi ya mlango. Mtaalamu wao wa miamba alikuwa Mzungu mmoja mkimya, aliyepita akigonga kila jiwe, na watu wakamwita Nyundo. Alifuatana na afisa ardhi kutoka wilayani, Bwana Eustace, mtu wa Bukoba, aliyevaa suruali yenye mkunjo usiovunjika hata kwenye vumbi. Bwana Eustace alijua Kiingereza ila Kisukuma hakukijua, na Mzee Mageni Kiswahili alikitumia sokoni tu, kwa bei. Kwa hiyo wakamwita mwalimu awe mkalimani.

Mtu asiyejua mila zetu hawezi kuona ugumu wa kazi ile. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake usoni. Hakai karibu naye. Hataji jina lake. Akimpisha njiani anapita kando kabisa, kwenye majani. Siku ile Justa alikaa chini kwenye mkeka, pembeni, amempa mzee ubavu, na maneno ya mzee yalimfikia kwa nyuma ya bega. Aliyageuza kuwa Kiingereza akiwa ameangalia viatu vya Nyundo.

Nyundo aliuliza ni nani anayetumia eneo lile la nyasi ndefu.

Mzee Mageni alinyoosha mgongo. Hakuna swali lililompendeza zaidi. "Mwambie mgeni," alisema, "mle hauingii mguu. Tangu mvua ya kwanza, hakuna ng'ombe, hakuna mbuzi, hakuna mwanamke wa kwenda kukata hata kijiti cha kuni. Akikuta jani moja limekatwa, aje aniambie."

Alikuwa anajisifu. Kwetu hakuna sifa kubwa ya ngitili kuliko hiyo. Justa akayasema yote kwa Kiingereza, sawasawa, bila kupunguza.

Nyundo akaitikia kwa kichwa na kumgeukia Bwana Eustace. "Vacant," alisema.

"Vacant," Bwana Eustace akaitikia, akaandika.

Justa alifungua mdomo. Alikuwa na sentensi nzima tayari. Lakini nyuma ya bega lake mzee alikuwa bado anaendelea, anaeleza jinsi baba yake alivyoifunga ngitili ile mwaka wa nzige, na mke wa mtoto hapandishi neno lake juu ya neno la baba mkwe. Akafunga mdomo, akatafsiri habari za nzige. Nyundo alizisikia kwa adabu. Gari likaondoka.

Mwezi uliofuata watu walikuta vigingi ndani ya ngitili. Vilikuwa vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na utepe mwekundu unaocheza upeponi, na kati yao nyasi zilikuwa zimekanyagwa na magurudumu. Habari ikaja kwamba afisa na Nyundo wangerudi kutangaza rasmi. Baada ya hapo zingefyekwa njia, ungechimbwa mtaro wa utafiti, ingeletwa mashine ya kuchoronga mwamba. Fidia hakuna, kwa sababu eneo halikuwa linatumiwa na mtu.

Mtoto akichanganya maneno mawili, anawekewa alama nyekundu kwenye daftari, na kicheko cha wenzake kinatosha kuwa adhabu. Mtu wa ofisini akiyachanganya yale yale, alama nyekundu inawekwa kwenye malisho ya mtu mwingine, na anayeadhibiwa ni ng'ombe.

Justa alimkuta Bwana Eustace Segese, dukani kwa Hozefa, alikokuwa akinunulia chaki. Hozefa aliuza kila kitu, kuanzia betri hadi karai za kuoshea dhahabu, na siku ile alikuwa amemwekea afisa kiti na soda kando ya mizani.

"Shikamoo, Bwana Eustace."

"Marahaba, mwalimu. Watoto wanaendeleaje na Kiingereza? Bado wanasema 'borrow me your pen'?"

"Wale niliowafundisha hawasemi. Nimekuja kwa habari ya ngitili. Lile neno mliloandika silo."

"Lipi silo? Wewe ndiwe uliyetafsiri. Hakuna anayeingia, hakuna anayekata. Maneno ya mdomo wako."

"Maneno yalikuwa sawa. Hakuna anayeingia kwa sababu imefungwa, na imefungwa kwa sababu ina wenyewe. Kitu kitupu si lazima kiwe wazi. Hata Kiingereza chenyewe kinatofautisha, ndiyo maana kina maneno mawili."

Bwana Eustace akacheka, si kwa ubaya sana. "Mwalimu, hapa si darasani. Sheria inajua ardhi iliyoendelezwa na isiyoendelezwa. Mimi nilikwenda, nikaona nyasi."

Hozefa, aliyekuwa anapima misumari, akaingilia bila kuinua kichwa. "Bwana Afisa, mimi Ijumaa mchana nafunga duka naenda kuswali. Ukikuta mlango umefungwa, utampa mtu mwingine?"

"Duka lina mlango, Hozefa."

"Basi sababu ni mlango," Hozefa akasema, akamimina misumari kwenye karatasi. "Nilidhani sababu ni mimi."

Bwana Eustace akamalizia soda. "Nisikilizeni. Kama siku ile ningeona ng'ombe hata mmoja mle ndani, ningeandika inatumika, na tusingekuwa na maneno. Sikuona. Nitaandika nini, niandike nilichoota?" Akasimama, akapangusa suruali. "Fundisha watoto, mwalimu. Hii ni kazi ya watu wengine."

Justa alirudi kwa baiskeli dhidi ya upepo, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa ile ya kulia. Ngitili ukiitumia inaharibika, ukiitunza inachukuliwa. Ukitaka kuokoa nyasi zako, lazima ziliwe sasa. Zikishaliwa hutakuwa na cha kuokoa. Hakujua kama yupo mtu aliyewahi kuwekewa mtego mchafu kuliko ule, tena na mtu aliyekunywa soda huku akiutega.

Kwa baba mkwe hakuweza kwenda. Alikwenda kwa mama mkwe, Mama Esta, ambaye naye alikuwa njia ya maneno yote kati ya jiko na kikao cha wanaume.

"Mwambie Baba," alisema, "afungue ngitili kabla hawajaja. Waingize hata ng'ombe wachache, upande mmoja. Wale watu wakiona ng'ombe wataondoka."

Mama Esta akaenda. Sauti ya mzee ilisikika hadi jikoni, maana hakukusudia isisikike.

"Nifungue kwa ajili ya mgeni? Mabua bado yapo mashambani. Na mwezi wa kumi ng'ombe watakula nini, viatu vyake? Kama wazee wa hapa wanafungua ngitili kwa sababu mtu kaja na gari, basi haina haja ya kufungwa tena, iachwe iwe barabara."

Mama Esta akarudi, akakaa, akachambua mchele wake. "Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Na mimi nakubaliana naye, mwanangu. Ila nakubaliana na wewe pia. Sijui nikae wapi."

Siku ya mkutano watu walikusanyika kwenye kivuli cha ghala la pamba. Bwana Eustace aliketi na Nyundo kwenye viti vilivyotolewa shuleni, na meza mbele yao ilitandikwa kitambaa. Wazee walikuwa kwenye mabenchi, wanawake chini, na Luka, kamanda wa sungusungu, alisimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo. Mkalimani hakuwepo. Wakamngoja.

"Huyu mwalimu wenu amechelewa," Bwana Eustace akasema. "Au bado anatafuta neno?"

Kabla watu hawajaamua kama wacheke, ukasikika mwano. Mwano ni yowe letu la hatari, nalo lina sheria yake: ukilisikia unaacha ulichoshika na kwenda. Lilitoka upande wa ngitili. Watu wote wakainuka. Wazee wakainuka, wanawake wakafunga watoto mgongoni huku wakikimbia. Bwana Eustace na Nyundo wakabaki na meza yao na kitambaa chake na kivuli kipana cha ghala.

Waliporudi, Luka alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba ni ng'ombe mwenye mabaka, anayetafuna bado. Nyuma ya ng'ombe alikuja Mwalimu Justa. Alikuwa amemwingiza mwenyewe, asubuhi, mbele ya macho ya wapita njia, na kukaa pembeni akimtazama anakula, mpaka mpita njia mmoja alipopiga yowe. Hakukimbia. Hakuwa amemwambia mtu.

Aibu ikawashukia wote. Huyu hakuwa mlevi wala mhamiaji asiyejua mpaka. Huyu alikuwa mke wa Stanslaus, ndani ya ngitili ya baba mkwe wake. Mzee Mageni alitazama mbali, kwenye mbuga. Kisha akasema jambo moja, kwa sauti ya chini: dagashida ikae sasa hivi.

"Mzee, tuna mkutano," Bwana Eustace akasema kwa Kiswahili.

"Wako utangoja," Mzee Mageni akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Huu wa kwetu kwanza."

Nyundo akauliza kwa Kiingereza kinachotokea. Bwana Eustace hakujua, maana sasa kila kitu kilikuwa kinasemwa kwa Kisukuma. Wote wawili wakamgeukia mtu mmoja aliyekuwa na lugha zote, naye ndiye aliyekuwa amesimama katikati akishtakiwa. Justa akapiga magoti, akampa baba mkwe ubavu kama inavyotakiwa, na kuanza kazi yake ya ukalimani.

"Umemwingiza ng'ombe?" aliuliza Luka.

"Nimemwingiza," alijibu, kisha akalisema kwa Kiingereza, swali na jibu.

"Ulijua imefungwa?"

"Nilijua." Akatafsiri.

"Umetumwa na mume wako?"

Wanawake wakaguna. "Mume wangu hajui hata ng'ombe huyu ana mimba," Justa alisema, na kicheko kikapita chini chini. Hilo pia akalitafsiri, na Nyundo akatazama chini.

"Mwalimu wa watoto wetu," Luka akasema, akizunguka. "Unafundisha wengine kusoma ubao, mwenyewe hukusoma minyaa?"

"Niliisoma. Nimekosa."

Kiingereza kina namna zaidi ya moja ya kusema umekosa. Iko ya kuteleza na iko ya kujua. Angeweza kuchukua ile nyepesi, ambayo wanafunzi wake waliizoea zaidi. Alichukua nzito.

Mzee Mageni hakutaka ushauri mrefu. Mchenya: beberu, mkubwa, alipwe leo. Ng'ombe mmoja, asubuhi moja, beberu mzima. Justa akamweleza Nyundo hukumu yake mwenyewe, mpaka na ukubwa wa beberu.

Nyundo akaweka kalamu mezani. "Kwa nyasi za asubuhi moja?" aliuliza.

Alilitafsiri swali. Aliyejibu ni Luka, ambaye alikuwa amesimama akitazama upande wa ngitili, ambako kutoka pale ghalani ziliweza kuonekana tepe chache nyekundu.

"Wazee," alisema Luka. "Naomba kuuliza. Mke wa Stanslaus ameingia na ng'ombe mmoja, analipa. Huyu ameingia na gari. Magurudumu manne. Amelaza nyasi kutoka huku mpaka kule, na kachomeka miti. Yeye ni mkwe wa nani, asilipe?"

Mabenchi yakaanza kunong'ona, kisha kusema, kisha wote wakawa wanasema kwa pamoja. Naapa Justa hakulitegemea hilo. Alitaka waone ng'ombe mle ndani, na waone kinachompata anayemwingiza. Mbele ya hapo hakuwa amepanga kitu. Sasa kila mtu alikuwa anamtazama yeye, alete maneno ya Luka kwa Kiingereza. Akayaleta. Alipofika kwenye "mkwe wa nani" alisita kidogo, kisha akaliacha lilivyo.

Bwana Eustace akaipiga meza kwa kiganja. "Huu ni upuuzi. Huyu ni mtu wa kampuni, ana leseni."

"Leseni inakula nyasi?" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma.

Nyundo akamuuliza Justa, polepole, kinachotokea mtu akikataa kulipa. Luka akajibu kwamba hakuna atakayempiga. "Hatutamsalimia tu. Hatutampa maji, hatutampa moto, hatutampa mtu wa kumbebea mawe yake. Atagonga peke yake."

Mzungu akafikiri. Nadhani alikuwa anahesabu maji na wabebaji, sioni kwa nini nimpe moyo mkubwa kuliko huo. Akaingiza mkono mfukoni. Hapo Bwana Eustace akamwinamia sikioni, lakini aliyepiga magoti hatua chache kutoka kwenye meza alisikia kila neno la Kiingereza.

"Usilipe. Kwao, anayelipa amekiri kwamba mahali pana wenyewe."

Nyundo akamtazama. "Kwani hapana wenyewe?"

Hakuna aliyemwomba Justa alitafsiri hilo. Halikusemwa kwa mkutano. Akainua uso, kwa mara ya kwanza siku ile, na kuyaweka maneno yote mawili kwa Kisukuma, ushauri wa afisa na swali la mgeni, kwa sauti ya darasani, ili hata waliokuwa nyuma wasikie.

Bwana Eustace alikunja kitambaa cha meza upande mmoja, akakikunjua. Angeweza kusema lolote. Alikuwa na sheria, muhuri, gari. Lakini swali lilikuwa limeulizwa na mtu wake mwenyewe, mbele ya kijiji kizima, na jibu la uongo lingehitaji kusemwa kwa sauti.

Nyundo alitoa fedha, likanunuliwa dume la mbuzi. Hata hakulalamika, kwake ilikuwa kama kulipia chai. Mbuzi wawili wakachinjwa kando ya ghala na kuliwa na wote, kama inavyopaswa, na mlipaji hupewa sehemu yake. Nyundo akala ini akisimama. Bwana Eustace alisema tumbo linamsumbua. Kabla jua halijaegemea, vijana wa Luka walikuwa wameng'oa vigingi na kuvifunga kwa tepe zake zenyewe, wakaviweka nyuma ya gari kwa heshima, kama mzigo wa mgeni.

"Wabeja," Luka aliliambia gari likiondoka. Asante sana.

Kampuni ilichimba mtaro wake mahali pengine mwaka ule, kwa watu ambao sijui kama walikuwa na wa kuwasemea. Mwalimu Justa hakuitwa tena kutafsiri. Watu wa wilaya walikuja na mkalimani wao, kijana mwepesi wa ulimi, asiyekuwa mke wa mtoto wa mtu.

Mama Esta alikuja kumpongeza, akashangaa kumkuta na hasira.

"Si wameondoka, mwanangu?"

"Nilimweleza kwa Kiswahili, Mama. Ningemweleza kwa Kiingereza kama angetaka. Hakusikiliza. Ng'ombe akamweleza kwa kutafuna, akasikiliza. Mimi nimesoma miaka yote hiyo ili nishindwe na ng'ombe?"

"Wako, lakini," Mama Esta alisema. "Ni ng'ombe wako."

Hilo halikumpoza. Halinipozi mimi pia. Watu wanaotunza kitu vizuri hadi kisiwe na alama ya mkono wao, wanaambiwa hawana mkono. Ili waaminiwe, inabidi mmoja wao akosee hadharani na ahukumiwe mbele ya wageni, apige magoti, alipe beberu wake wa pekee. Na mwenye kalamu analiita jambo hilo maendeleo, au kutoelewana, kutegemea siku.

Mabua yaliisha mwezi wa nane. Wazee wakakaa, wakataja siku. Ngitili ikafunguliwa asubuhi, na ng'ombe wa kijiji wakaingia wakisukumana, wakapotea kwenye nyasi mpaka zikabaki pembe tu juu. Justa alikuwa amemleta wake, amejipanga nyuma ya wenzake kwenye mstari wa minyaa. Mama Esta akamjia mbio mbio, amebeba ujumbe kutoka kwenye kikao cha wanaume.

"Baba anasema wako asiingie bado. Angoje wiki."

"Kwa nini? Si nimelipa?"

"Anasema umelipia kosa. Nyasi hukulipia. Huyu alishaanza kula kabla ya wenzake."

Justa alimtazama mama mkwe, kisha akatazama upande ambako mzee alikuwa amesimama kwa mbali, amewapa mgongo, akiegemea fimbo yake kama mtu asiyemngoja yeyote. Akajikuta anacheka, mpaka akaketi chini. Halafu akamfunga ng'ombe wake kwenye mti, nje ya minyaa, akavua kanga mabegani, akaikunja na kuikalia, na wakangoja wote wawili.